UZI: Kuwinda pronghoni kwa upinde: kibanda cha majini mwezi wa nane, dume bandia mwezi wa tisa

Podo Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walioko Wyoming, Colorado, Montana na majirani zao wenye leseni ya upinde mwaka huu. Kule kwenye uzi wa jumla, maswali ya kibanda (hema la kuotea karibu na maji) na ya mnyama bandia (picha ya mnyama ya kitambaa ya kumvuta wa kweli) yanachanganywa kila siku kama mchele na mtama. Mtu anachomeka dume bandia pembeni ya birika la ng'ombe tarehe 16 Agosti, anakaa siku nne bila kuona kitu, halafu anakuja hapa kuuliza kama kitambaa chake kina harufu. Kibanda kinafanya kazi kwa sababu mnyama ana kiu. Dume bandia anafanya kazi kwa sababu dume wa kweli ana wivu. Hizo ni tarehe mbili tofauti.

Kwanza pronghoni mwenyewe, maana wengi tunamfikiria kama swala wa nyumbani. Huku Marekani wanamwita swala tu, lakini si swala. Ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake, na jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Dume ana kilo 45 hadi 60, na kimo cha bega ni kama sentimita 90, yaani mdogo kuliko anavyoonekana kwenye picha. Macho ni makubwa na yamekaa pembeni kabisa mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka. Mbio zake hufika kama kilomita 88 kwa saa. Pua anayo na anaitumia, ila kinachomlinda hasa ni macho, ndiyo maana anapenda uwanda usio na kitu. Kumnyatia mpaka mita 40 kwa upinde kunawezekana, lakini ukihesabu majaribio utachoka. Ni afadhali aje mwenyewe.

Basi kibanda. Msimu wa upinde Wyoming hufunguliwa tarehe 15 Agosti katika maeneo mengi. Wakati huo majani yamekauka, na pronghoni hulazimika kunywa karibu kila siku. Tafuta birika la kunyweshea ng'ombe, bwawa la udongo, au tangi chini ya pampu ya upepo. Usichague maji kwa uzuri wa mandhari, soma tope. Pronghoni hana vile vikwato vidogo vya nyuma alivyo navyo paa wa huku (deer), kwa hiyo hata kwenye tope laini alama yake ni kwato mbili tu. Ukiona vidoti viwili nyuma ya kwato, huyo ni paa wa milimani aliyekuja usiku.

Halafu hesabu maji mengine yaliyo karibu. Birika moja katika eneo kavu la kilomita tatu ni bora kuliko bwawa kubwa lenye mabwawa mengine matatu jirani. Mvua ikinyesha usiku, vidimbwi vitajaa kila mahali na hakuna atakayekuja kwako. Siku hiyo usikae, nenda ukatazame kwa darubini na urudi kibandani jua likishakausha.

Kukiweka: sogeza kibanda kusini au kusini-mashariki mwa maji, dirisha la kupigia litazame kaskazini. Upepo wa huku mara nyingi unatoka magharibi, kwa hiyo harufu yako itapita pembeni, na jua halitaingia dirishani likakuangaza uso. Watu huelekeza dirisha magharibi kwa ajili ya upepo, halafu kuanzia saa kumi alasiri wanawaka mle ndani kama taa.

Umbali ni mita 20 hadi 25 kutoka mahali ATAKAPOSIMAMA. Usipime kutoka katikati ya maji.

---

Mgeni wa Laramie

Shukrani mkuu, nimepata mwanga. Maswali yangu: kibanda kiwekwe siku ngapi kabla? Nikizungushie vichaka? Nina hema la kufyatuka la kawaida, lile la vitovu vitano. Na je, ni kweli kwamba joto mle ndani halivumiliki?

---

Podo Kavu

Wiki moja au mbili kabla ni nzuri. Siku tatu ndiyo kima cha chini kwa wanyama ambao hawajasumbuliwa. Penye ng'ombe, pampu na matrekta, pronghoni huzoea kitu kipya haraka mradi hakitikisiki. Kinachowafukuza ni kitambaa kinachopigapiga. Vichaka si lazima sana. La muhimu ni kibanda kisichomoze kwenye anga kama nyumba ya ghorofa. Kiweke mbele ya tuta la bwawa au kilima, kiwe na kitu nyuma yake.

Vigingi vinavyokuja na hema vitupe. Upepo wa Wyoming hauna adabu. Nunua nondo ya milimita 10, kata vipande vya sentimita 45, pinda ncha, pigilia vinne kwenye pembe na vinne vya kamba zinazotoka kwenye vitovu vya kuta. Pindo la chini lifunike kwa udongo pande zote. Hilo linazuia kupigapiga, linazuia mwanga kuingia chini, na linamzuia nyoka wa njuga, ambaye saa sita mchana anatafuta kivuli kama wewe. Kabla ya kuingia, piga ukuta kwa fimbo na utazame chini ya kiti.

Ng'ombe je? Hao ndio maadui halisi wa kibanda. Wanajikuna nacho mpaka kianguke. Pigilia nguzo nne za chuma, mita moja kutoka kwenye kuta, uzungushe seng'enge mstari mmoja au miwili. Mwombe ruhusa mwenye ranchi kabla, na uiondoe yote ukimaliza.

Joto: nje ikiwa nyuzi 34, ndani inapita 40. Beba lita tano za maji, nusu yake yawe yamegandishwa usiku. Chupa ya haja ndogo pia, maana ukitoka saa saba mchana umeharibu siku.

---

Nyoya la Tatu

Niongeze kuhusu ndani ya kibanda, hapo ndipo mishale inapopotea.

Ndani ni weusi, basi vaa nyeusi: shati, glovu, na kitu cha kufunika uso. Nguo zenye madoa ya majani zinang'aa mle ndani. Madirisha ya nyuma yafungwe YOTE. Dirisha la nyuma likiachwa wazi hata kidogo, kivuli chako kinaonekana kama sinema. Kaa nyuma, sentimita 60 au zaidi kutoka dirishani.

Sasa tatizo la kizingiti. Jicho lako linatazama kupitia tundu la kulengea lililo juu ya mshale kwa sentimita 8 hadi 10. Unaona mnyama vizuri kabisa juu ya kizingiti cha dirisha, kumbe mshale uko chini ya kizingiti. Ukiachia, chembe (ncha ya mshale) kinachana kitambaa na mshale unaruka popote. Siku ya kuweka kibanda, kaa kitini, vuta upinde (bila kuachia), na mwenzako atazame kutoka pembeni kama mshale unapita wazi kuelekea kila upande wa maji. Kama hapiti, shusha dirisha au pandisha kiti. Fanya hivyo hivyo kwa roda ya chini (kigurudumu cha ncha ya upinde) ya upinde wako: isiguse paja wala kiti.

Wenye vyandarua vya dirishani: kupiga kupitia chandarua kunawezekana kwa chembe cha wembe usiofunguka tu. Chembe cha kufunguka kitafunguka pale pale kwenye chandarua. Mimi naona bora kukitoa.

Sakafu ikwanguliwe mpaka udongo mtupu. Changarawe moja chini ya kisigino saa ya kugeuka inatosha kuwafukuza wote. Kiti kipimwe nyumbani, kama kinalia kwenye sebule yenye redio, majini kitapiga kelele.

Na mwanga: mle ndani ni giza, tundu dogo la kulengea linageuka jeusi alfajiri na magharibi. Weka la milimita 6 badala ya 3.

---

Mgeni wa Laramie

"Kama hapiti" nadhani ulimaanisha "haupiti" 😀 Lakini nimeelewa. Hivi wanakuja saa ngapi kunywa? Alfajiri kama wanyama wengine?

---

Nyoya la Tatu

Haupiti, sawa mwalimu.

Saa yoyote. Pronghoni hana ratiba ya paa. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ndiyo nzuri, na wengi huja katikati ya mchana wakati wawindaji wamekwenda kula. Ingia kabla ya mapambazuko, toka baada ya giza.

Wakija hawaendi moja kwa moja. Kundi linasimama mita 150 au 200 na kutazama, pengine nusu saa. Usishike upinde, usinyanyue kipimaumbali. Umbali uwe umeupima kabla, kwa mawe: jiwe la mita 20, jiwe la mita 30, kila upande. Akifika, atashusha mdomo na kunyanyua kichwa ghafla. Hiyo ni ya kujaribu, na wanaovuta upinde hapo ndio wanaolia baadaye. Subiri ashuke mara ya pili au ya tatu na aanze kumeza kweli kweli, utaona koo linavyopanda na kushuka. Hapo vuta. Kama kuna majike wengine wamenyanyua vichwa, ngoja kwanza, wao ndio walinzi.

Tahadhari ya birika la bati: kimo chake ni kama sentimita 60 na mnyama ana bega la 90. Akisimama ng'ambo, birika linafunika nusu ya kifua. Usimpige. Ukitoboa birika la mfugaji kwa mshale, ruhusa yako imekwisha, na ya wote watakaobisha mlango huo baada yako.

---

Mzee wa Roda

Mimi naomba tuzungumzie bandia, maana ndipo uongo ulipo mwingi. Jambo lenyewe ni la zamani sana. Kumbukumbu za safari ya Lewis na Clark, wapelelezi waliovuka Marekani 1804 hadi 1806, zinaeleza mwindaji akilala chini na kunyanyua mkono, kofia au mguu, na pronghoni anarudi kutazama ni nini. Udadisi huo bado upo, ila katika ardhi ya umma inayowindwa kila mwaka umepungua. Kutingisha kitambaa cheupe leo, mara nyingi utaona vitako vyeupe vikiondoka. Kinachobaki cha kutegemewa ni wivu wa dume.

Tarehe: upande wa kaskazini, Wyoming na Montana, majike huingia joto kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Siku za kazi ni kama tarehe 8 hadi 25. Kusini, Arizona na New Mexico, mambo huanza mapema zaidi. Mwezi wa nane kaskazini dume bandia ni kitambaa tu.

Aina: nunua dume MDOGO, mwenye pembe zisizozidi masikio na lile doa jeusi la shavuni. Dume mkubwa anayelinda majike wake anataka kumfukuza kijana. Ukimwonyesha bandia mwenye pembe ndefu, madume wa wastani wanaogopa na kuondoka. Jike bandia anavuta pia, lakini taratibu, na mara nyingi anawavuta madume wasio na majike.

Bandia hawa wengi ni kitambaa chenye picha, kimezungushiwa ukanda wa chuma unaojikunja kama kile kizuia jua cha kioo cha gari. Uzito ni kama kilo moja. Ubaya wake wa kwanza: kinafunguka kwa kishindo, *pwaa*. Kifungue nyuma ya kilima, mbali, kisha utambae nacho kimelazwa chini. Ubaya wa pili: kikitazamwa kutoka ubavuni mwake, kinapotea, kinabaki mstari. Dume akizunguka, mzungushie naye polepole, vinginevyo ataona mwenzake ametoweka na watu wawili wamechuchumaa mahali pake.

Hatua. Watafute kwa darubini ukiwa mbali, hata kilomita moja. Unamtaka dume mwenye majike, aliyetulia. Tumia korongo au mgongo wa kilima usionekane kabisa. Sehemu ya mwisho ni kutambaa, na chini kuna dungusi, kwa hiyo pedi za magoti na glovu za ngozi. Simamisha bandia ukiwa mita 100 hadi 200 kutoka kwake, wakati kichwa chake kiko chini au amegeuka. Zaidi ya mita 300 anaweza kukutazama na kuendelea kula, hilo halimhusu.

KABLA ya kumsimamisha, pima umbali wa vichaka vilivyo mbele yako: kile cha mita 25, kile cha 40. Weka mshale kwenye upote. Dume akiamua kuja, anakuja. Mita 200 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni sekunde 12, hutapata muda wa kupekua begi.

---

Moto wa Seji

Mzee umesema vema. Nyongeza ya kusoma tabia yake, maana watu wanakata tamaa mapema.

Akikutazama akiwa amekaza masikio, dakika tano nzima, usitikisike. Yuko kwenye hesabu. Akitembea kwa miguu migumu, kichwa kimeinama pembeni, nywele za shingo zimesimama, huyo anakuja. Akikoroma kwa pua halafu akarudi kwa majike, bado unaye. Msubiri majike wainame kula, sogea mita 20 au 30, msimamishe bandia tena. Akiwakusanya majike na kuwaondoa kwa mbio, amekuona wewe au ameshadanganywa juzi na mtu mwingine. Usimfuate, tafuta dume mwingine.

Wawili ni bora kuliko mmoja. Mshika bandia anapiga magoti mbele kidogo, anaangalia na kunong'ona umbali. Mpigaji yuko bega kwa bega upande wa kulia wake (au kushoto kwa mwenye mkono wa kushoto), anapiga pembeni ya bandia. Mkubaliane kabla maneno yatakuwa ya meta au yadi! Pini za kulengea za pinde za huku zimepangwa kwa yadi, na mita 40 ni yadi 44. Mtu anasema "arobaini" na mwenzake anatumia pini ya yadi arobaini, mshale unapita chini ya kifua.

Ukiwa peke yako, kuna bandia wa kufunga kwenye upinde wenyewe. Upepo ukiwa mkali unakuyumbisha kama tanga. Chini ya kilomita 20 kwa saa za upepo sawa, zaidi ya hapo mwache begini.

---

Nyoya la Tatu

> Mzee wa Roda: *Kinachobaki cha kutegemewa ni wivu wa dume.*

Sikubali moja kwa moja. Jike bandia pembeni ya maji mwezi wa nane ana faida. Lile kundi linalosimama mita 200 nusu saa likitazama birika tupu, likiona jike ameinama anakunywa, linashuka haraka zaidi. Mwekee mita 15 kutoka kibandani, ubavu wake uelekee wanakotokea.

---

Podo Kavu

Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya tatu wanyama wale wale wanamkuta jike yule yule, mahali pale pale, ambaye hajanyanyua kichwa tangu Jumatatu. Pronghoni wa majini ni walewale, wanarudi kila siku. Na kitambaa kikianza kutikisika kwa upepo wa saa nane mchana, umeharibu kibanda ulichokiandaa wiki mbili. Kiu peke yake ingewaleta.

---

Nyoya la Tatu

Mtoe kila jioni, mbadilishie mahali. Hakuna aliyesema umwache akae kama mnara.

---

Moto wa Seji

Nadhani mnazungumzia majuma tofauti. Kuanzia kama tarehe 5 Septemba, kibanda na DUME bandia vinakwenda pamoja, maana dume mwenye majike anawasindikiza kunywa na akili yake iko kwenye ugomvi. Hapo mweke bandia mita 18 hadi 20, akitazama kibanda kwa mshazari. Dume wa kweli hupenda kumkabili mwenzake uso kwa uso, kwa hiyo atazunguka mpaka mbele ya bandia, na hapo atakuwa amekigeuzia kibanda ubavu au nyuma ya bega. Ukimgeuza bandia atazame mbali na wewe, dume atasimama ng'ambo akikutazama kifuani, na kifua cha mbele usikipige.

---

Podo Kavu

Septemba 5 nakubali. Agosti nabaki na langu.

---

Kijana wa Aurora

Wakuu samahani, mnasema mita 25 majini na 40 kwa bandia. Upinde wangu unapiga vizuri mpaka 60 kwenye shabaha. Kwa nini nijizuie?

---

Mzee wa Roda

Kwa sababu shabaha haisikii, kijana. Chukua kalamu. Mshale wa upinde wa roda wa kawaida ni kama mita 85 kwa sekunde. Sauti ya upote ni mita 340. Mnyama akiwa mita 20, mshale unatumia sekunde 0.24 na sauti 0.06. Ana 0.18 ya kufanya chochote, yaani hana kitu. Akiwa mita 40, mshale ni 0.47, sauti 0.12, anabaki na 0.35. Mita 60: 0.71 kwa 0.18, anabaki na zaidi ya nusu sekunde. Pronghoni aliyekaza masikio, katika nusu sekunde ameshuka na kugeuka, na mshale ulioulenga moyo unakwenda mgongoni au tumboni. Dume anayekuja kwa bandia ameshtuka tayari. Anayekunywa ametulia. Ndiyo maana umbali uleule hauna thamani moja mahali pote pawili.

Lenga theluthi ya chini ya mwili, juu ya mguu wa mbele, akiwa amesimama ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe. Eneo la moyo na mapafu ni duara la kama sentimita 20. Na usikadirie umbali kwa macho. Mwili wake mdogo katika uwanda usio na miti unadanganya hata wenyeji, tumia kipimaumbali.

---

Dada wa Greeley

Habari zenu kaka zangu. Kuna suala la ng'ombe bandia. Nimeona picha za watu wanatembea nyuma ya ng'ombe wa kitambaa. Ni mchezo au ni kweli?

---

Moto wa Seji

Ni kweli dada, lakini mahali penye ng'ombe tu. Pronghoni wanalisha pamoja na ng'ombe siku zote na hawawajali. Mnajipanga watu wawili nyuma ya kitambaa, miguu ionekane kidogo iwezekanavyo, mnakwenda kwa mwendo wa kulisha: hatua tano, simama dakika, hatua nane, pinda kidogo. Usimwelekee pronghoni moja kwa moja, nenda kama unampita. Mwendo wa mstari ulionyooka ndio unaowaumbua watu, hakuna ng'ombe anayetembea kama askari wa gwaride. Na ruhusa ya mwenye ng'ombe ni lazima, maana ng'ombe wenyewe hupenda kuja kumsalimia mgeni, na kama kuna fahali mle, utajikuta na tatizo lingine kabisa.

---

Podo Kavu

Kabla hatujaendelea, USALAMA. Dume bandia ni picha nzuri sana ya dume. Bunduki zikifunguliwa katika eneo lenu, bandia arudi garini. Katika maeneo mengi msimu wa bunduki unaanza Septemba hiyo hiyo, angalia tarehe za namba ya eneo lako, usitazame jimbo tu. Ukimbeba, awe amekunjwa ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa inayong'aa, hata siku za upinde.

Sheria nyingine zinazowanasa watu: ardhi ya umma si shamba lako, kuchimba shimo la kuotea bila kibali hakuruhusiwi, na muda wa kuacha kibanda una kikomo. Arizona huruhusiwi kupiga kambi ndani ya robo maili ya maji ya wanyama, na tangu 2022 kamera za porini haziruhusiwi kwa ajili ya kuwinda. Soma kitabu cha jimbo lako cha mwaka huu. Walioomba leseni magharibi mwa Wyoming wanajua leseni zilipunguzwa baada ya majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 kuwaua pronghoni wengi wa kundi la Sublette.

---

Bint Mrima

Asalaam aleikum. Swali la nyama. Kwa sisi Waislamu, mnyama aliyepigwa mshale majini akafa kabla hatujamfikia, anafaa?

---

Mzee wa Roda

Waaleikum salaam binti. Msingi ni hadithi ya Mtume iliyopokewa na sahaba Adi bin Hatim. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, na mshale umuue kwa kuchoma kwa makali yake, si kwa kumgonga kwa uzito. Ukimkuta hai, mchinje. Ukimkuta amekufa kwa jeraha la mshale wako, ni halali. Lakini hadithi hiyo hiyo inataja aliyeangukia majini: hujui kama ni mshale au maji yaliyomuua, basi usimle. Kwa mwenye kibanda cha bwawa, hili si jambo dogo. Mpige akiwa amesimama ukingoni, mwelekeo wake wa kukimbia uwe nchi kavu. Birika la bati kwa hilo ni salama zaidi kuliko bwawa. Ukiwa na shaka ya tukio fulani, muulize sheikh wako.

---

Dada wa Greeley

Na mbona wengi wanasema nyama yake inanuka?

---

Nyoya la Tatu

Inanuka kwa sababu ya mwindaji, dada. Nywele zake ni nene na zina uwazi ndani, zinahifadhi joto kama blanketi, na Agosti ni nyuzi 32. Wanamweka nyuma ya pikapu, wanazunguka mjini na picha, saa tatu zimepita. Fanya hivi: picha dakika tano, toa matumbo, chuna ngozi hapo hapo kivulini. Nywele zinakatika ovyo, zisiguse nyama. Ana tezi kitakoni na chini ya masikio, ukizishika osha mikono na kisu kabla ya kuendelea. Chupa zilizogandishwa ziingie kifuani mara moja, kisha robo nne ndani ya sanduku la barafu, kilo 20 za barafu, tundu la chini liwe wazi maji yatoke. Dume mmoja anatoa kama kilo 20 za nyama bila mifupa, zinaingia kwenye sanduku la lita 70 bila shida. Acha alama ya jinsia kwenye mzoga kama jimbo lako linavyotaka.

Ukimfanyia hivyo, pilau yake haina maneno.

---

Mgeni wa Laramie

Swali la mwisho wakuu. Eneo langu lina maji kila mahali mwaka huu, mvua imekuwa nyingi. Na leseni yangu inaisha kabla ya katikati ya Septemba. Hapo kibanda hakina kiu na bandia hana wivu. Nifanye nini?

---

Podo Kavu

Seng'enge. Pronghoni anaweza kuruka lakini hapendi, anapita chini ya waya. Tembea kandokando ya uzio mrefu utafute mahali ambapo waya wa chini uko juu zaidi, kama sentimita 40 au 45 kutoka ardhini, mara nyingi kwenye kikorongo. Utaona kinjia kilichochimbika na nywele zimenasa kwenye miiba. Kama nyayo ziko juu ya alama za gurudumu la jana, panatumika.

Weka kibanda mita 25 kutoka hapo, upande WANAKOTOKA, pembeni mwa kinjia. Wanafika kwa kutembea, wanasimama mita tatu nne kabla ya waya, wanaangalia ng'ambo. Hapo ndipo pa kupiga, amesimama ubavu na macho yake yako upande wa pili. Akishainama chini ya waya mwache apite, maana mwili umejikunja na hujui bega liko wapi. Wakiwa kundi, wa kwanza huwa jike, dume mara nyingi ni wa mwisho, na anafanya haraka kwa kuogopa kuachwa. Kwa hiyo vuta upinde wakati jike wa mwisho yuko chini ya waya.